Mita Kumi

Ukitaka kumpata dada yangu, usimuulizie kwa jina lake. Watu wa mlimani wengi hawalijui. Wao humwita Mita Kumi, na wakimwona anashuka kwenye pikipiki na mabuti yake ya mpira yanayomfika magotini, hupeana habari kutoka shamba hadi shamba: Mita Kumi huyo, kila mtu atazame ukingo wake. Yeye ni bibi shamba. Kazi yake ni kuwafundisha kulima watu walioanza kulima kabla yeye hajaota meno, na kazi ya namna hiyo inataka mtu mwenye macho makavu. Dada yangu anayo.

Jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka mingi amekuwa akihubiri jambo moja tu: kuanzia maji yalipo, acha mita kumi bila jembe, bila mbolea, bila samadi. Panda majani ya ng'ombe, panda miti, waache panzi wafanye harusi humo, lakini usilime. Mvua ikija, udongo na mbolea vitakwama kwenye majani badala ya kuingia mtoni. Akifika shambani kwako anatoa kamba yake ya kupimia, anaivuta kutoka ukingoni mpaka tuta la kwanza, na akikuta umemwibia mto nusu mita atakung'olea mahindi ya hiyo nusu mita kwa mikono yake mwenyewe, huku akikuuliza watoto hawajambo. Nimewahi kumwona akimfanyia hivyo mzee wa kanisa. Mzee alibaki ameshika kofia, hajui akasirike au ajibu salamu.

Mimi ni mdogo wake, wa pekee. Ni dobi, kama alivyokuwa mama yetu. Mama alifulia kwenye mawe mapana yaliyo chini ya mji, mashuka ya zahanati na ya nyumba ya wageni, na mgongo wake ulipinda hapo. Dada alisoma chuo cha kilimo kwa mashuka hayo. Mama alipofariki, dada alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, mimi nikiwa bado nakwenda shule na pua inatiririka. Akanichukua kwenye chumba chake kimoja, kitanda kimoja, akaniwekea godoro chini ya dirisha. Alinilea kwa kelele. Nikichelewa kelele, nikiwahi aliniuliza nimetoroka wapi. Lakini hakuna siku nililala na njaa, na zipo siku ambazo najua yeye alilala nayo.

Nilipoacha shule na kurudi kwenye mawe ya mama, hakusema nami msimu mzima wa mvua. Halafu akaja na kapu la nguo zake, akaniambia nizifue, akanilipa sawasawa na mteja mwingine. Iliniuma kuliko kule kununa kwake. Baadaye nikaelewa kwamba ndiyo ilikuwa namna yake ya kusema yameisha.

Sasa lazima nieleze mto, maana bila mto hakuna kisa. Mto wetu una mikono miwili. Mmoja unashuka kutoka mlimani, katikati ya mashamba. Wa pili unapita kando ya mji, nyuma ya kiwanda cha maziwa, halafu unakuja kwenye mawe yangu. Mikono hiyo inakutana chini kidogo, kwenye daraja, na kuanzia hapo ni mto mmoja unaokwenda kujaza bwawa. Maji ya bwawa hilo ndiyo yanayonywewa na jiji zima huko bondeni, na mabomba ya mji wetu nayo yanavuta humohumo.

Mwaka mmoja bwawa likageuka kijani. Maji ya bomba yakanuka tope, watoto wakaharisha, magazeti yakapiga kelele. Ofisi ya bonde, ambayo ndiyo inayosimamia mto, ikasema uchafu unaoulisha ule ukoka wa majini uliolifanya bwawa kuwa kijani unatoka pande mbili: mbolea na samadi ya mlimani, na maji machafu ya kiwanda cha maziwa. Wote walirutubisha bwawa kwa namna ileile. Kiwanda kikaambiwa kipunguze. Kikalia kwamba mitambo ya kusafisha ni ghali mno. Ndipo wataalamu wakaja na njia ya kubadilishana. Kiwanda kisijenge mitambo, bali kiwalipe wakulima wa mlimani wapunguze uchafu wao, kwa kuwa kwa mkulima ni kazi ya majani na jembe tu. Na ili mto upate faida ya kweli, kwa kila debe moja la uchafu kinachomwaga, kiwanda kinunue madebe mawili yaliyozuiwa mlimani. Watu wakaziita hisa za usafi. Mkulima anayeacha mita kumi anazalisha hisa, kiwanda kinanunua.

Nani angewakusanya wakulima kama si dada yangu? Kitu alichokuwa akikihubiri bure miaka yote sasa kilikuwa na bei. Alikonda kwa mbio zile, lakini sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Likabaki suala la mahali pa kupimia. Hapo ndipo palipokuwa na moto. Watu wa mlimani na watu wa mjini wamechukiana kwa ajili ya mto huo tangu zamani. Wa mjini wanasema wa mlimani wanaiba maji na kuwaachia tope. Wa mlimani wanasema mji ni choo. Kila upande ulitaka kipimo kiwekwe mahali pa kumuumbua mwenzake. Mkutano wa kwanza ulivunjika kwa matusi, wa pili kidogo uvunjike kwa fimbo. Katika ule wa tatu dada akasimama na kusema kipimo kiwekwe darajani, pale mikono inapokutana, maana daraja si la mtu. Wakapiga makofi pande zote mbili. Jioni ile alikuja kula kwangu, akakirudia kisa hicho mara tatu, na kila mara mke wangu alimwongezea chakula. Mimi nami nilivimba kichwa. Nilimwambia kila mteja aliyeleta shati kwamba aliyepatanisha mlima na mji ni dada yangu, toka nitoke.

Na mpango ulifanya kazi. Nasema hivyo pamoja na hasira zangu zote. Mkono wa mlimani ukaanza kuonyesha mchanga wake. Samaki wadogo wakarudi. Bwawa likapoteza ule ukijani, na jiji likanywa maji bila kuziba pua. Yuko mjane mmoja huko juu, wanamwita Mama Ndama kwa sababu hawezi kukusalimia bila kukupa habari za ndama wake. Kipande chake cha ukingoni ndicho kilichokuwa kizuri kuliko vyote, chenye unyevu hata kiangazi, na mboga zake za hapo zilikuwa zinagombewa sokoni. Alikiacha. Kwa malipo ya hisa akaezeka nyumba kwa bati jipya na kumjengea ng'ombe banda. Dada alimtaja Mama Ndama kila alipofungua mdomo.

Kwangu mambo yalianza na harufu. Mashuka yalitoka meupe, sina la kuyalaumu, lakini yakishakauka yanakuwa na harufu fulani ya uchachu. Mke wangu ndiye aliyesema kwanza.

"Baba watoto, mbona mashuka yananuka kama chupa ya mtoto iliyosahaulika?"

Nikamwambia ni pua yake. Kesho yake nikamwambia ni sabuni yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyeinunua. Tukagombana juu ya sabuni mpaka majirani wakajua ni ya aina gani. Nikabadili sabuni. Nikafua mara mbili. Nikaongeza buluu mpaka foronya moja ya nyumba ya wageni ikatoka na rangi ya mbingu. Harufu haikuondoka. Mawe nayo yakaanza kuvaa utelezi wa kijani, nikaanguka na beseni zima, na wale jamaa wanaofyatua matofali ng'ambo ya pili wakacheka kwa wiki nzima. Walipoacha kucheka waliniambia kwamba wao siku hizi wanachota maji ya kunywa mbali.

Nyumba ya wageni ikaacha kuleta mashuka bila kuniaga. Zahanati walikuwa waungwana zaidi. Muuguzi mkuu aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kwa upole, "Fundi, wagonjwa wanalalamikia mashuka." Nikamtania kwamba mgonjwa akishalalamikia shuka ujue amekaribia kupona. Hakucheka. Zahanati ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya nyumba na ada za watoto wangu. Mashati ya mtu mmoja mmoja hayalishi familia.

Nikafuata mkono wa mto kwenda juu. Sikuhitaji kwenda mbali. Nyuma ya kiwanda nilikuta bomba jipya, nene, linamwaga maji meupe yenye povu, na chini yake hata nzi walikuwa wanachagua pa kukaa. Kiwanda kilikuwa kimefungua sehemu ya kutengeneza jibini. Nikaenda getini nimejiandaa kwa vita. Badala yake nikapokewa na afisa wao wa mazingira, kijana mwenye shati safi, akanikaribisha kiti na kunipa pakiti ya maziwa.

"Kaka, sisi tuko ndani ya sheria," akaniambia. "Tumenunua."

"Mmenunua nini?"

"Usafi."

"Mbona siuoni?"

"Uko mlimani," akasema, wala hakuwa ananidhihaki. "Kila mkulima anayejiunga kule anatuongezea nafasi ya kumwaga hapa. Na tunanunua mara mbili ya tunachomwaga. Muulize bibi shamba, yule anayeitwa Mita Kumi. Ndiye aliyetuelewesha."

Nilitoka pale damu inachemka. Ile pakiti nilipanga kuitupa mtoni, warudishiwe maziwa yao. Nikainywa njiani. Yalikuwa maziwa mazuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Dada anakaa nyumba ndogo karibu na stendi. Mabuti yanasimama mlangoni yamegeuzwa juu chini, na dirishani kuna makopo ya mbegu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyagusa. Nilimkuta anakula.

"Dada, mto unanuka."

"Mto gani?"

"Wa kwangu."

"Wewe huna mto, una mawe. Kaa ule." Akanisogezea sahani. "Mto haujawahi kuwa safi kama mwaka huu. Vipimo ninavyo."

"Vya wapi?"

"Vya darajani, vya wapi tena?"

"Mimi sifulii darajani."

Akaacha kutafuna. Nikamweleza bomba, povu, utelezi, na yale maneno ya afisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kunijibu kama anavyowajibu wakulima wabishi. Kwamba uchafu wa jumla umepungua. Kwamba ukienda jijini utakuta watoto wanakunywa maji ya bomba na hawaugui. Je, nimehesabu watoto wa jiji zima? Au nataka warudi kuharisha kwa ajili ya mashuka?

Hapo alikuwa amesema kweli. Mtu ukikosa jibu unatafuta jiwe. Nikamwambia, "Mashuka hayohayo ndiyo yaliyokusomesha. Yalifuliwa palepale mnapomwaga uchafu wenu." Nikaondoka bila kula. Kwetu sisi wawili, kuondoka bila kula ni tusi kubwa kuliko lolote.

Asubuhi yake alifika kwenye mawe kabla sijaanza kufua. Hakunisalimia. Aliingia majini na mabuti yake, akachota kwa kiganja, akanusa. Akakwangua utelezi wa jiwe kwa ukucha. Kisha akaenda kwenye kamba, akashika shuka la jana lililokuwa limekauka, akaliweka usoni kama anavyofanya na udongo wa shamba jipya. Akakaa nalo usoni muda mrefu mno kwa mtu anayenusa tu.

"Ni mimi niliyesema darajani," akasema akiwa humohumo ndani ya shuka.

"Hukujua."

"Nilitaka watu wasigombane. Niliangalia ugomvi, sikuangalia mto." Akaliachia shuka. "Mkono ule unasafishwa, huu unachafuliwa, pale chini ikichanganyika hesabu inatoka nzuri. Na wewe uko katikati. Nilikuwa naiona hesabu tu, mdogo wangu. Naona aibu."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kabla ya siku ile. Nilitamani anipigie kelele.

Mkataba wa hisa ulikuwa unakaribia kwisha, na mkutano wa kuuongeza kwa miaka mingine mitano ulikuwa umeitishwa. Dada akaamua kusimama na kuomba kipimo kihamishwe: kila mkono upimwe peke yake, na kiwanda kinunue usafi kwenye mkono wake au kijisafishe chenyewe. Akaniambia nisije. Nikamwambia sawa, na siku yenyewe nikaenda, nikakaa nyuma kabisa na mke wangu. Nilikuwa na kazi yangu pale, na watoto wangu, na mke ambaye tayari alikuwa ameanza kuuza mkaa kibarazani.

Alisema vizuri. Hakutaja mashuka, alitaja watu wanaokaa kati ya kiwanda na daraja, alitaja wafyatua matofali wanaochota mbali. Halafu yule afisa wa kiwanda akanyanyuka na upole wake uleule.

"Hatuna ubishi," akasema. "Mkitupimia nyuma ya kiwanda, tutalazimika kujenga mitambo yetu. Inaweza kufanyika. Ila tukishaijenga hatutakuwa na haja ya kununua chochote mlimani. Ni vizuri wenzetu wa mlimani walijue hilo mapema."

Wenzetu wa mlimani walilijua palepale. Ikawa patashika nguo kuchanika, wengine wamesimama juu ya madawati. Mwenyekiti aligonga meza mpaka mkono ukamuuma. Aliyepewa nafasi ya kusema ni Mama Ndama, na kwa mara ya kwanza hakuanza na habari za ndama.

"Mita Kumi, mwanangu," akasema, "ulinitoa kwenye shamba langu la mboga, nikatoka. Ukasema ng'ombe asishuke mtoni, nikawa nambebea maji kichwani. Ukasema sabuni nayo ni uchafu, tukakubaliana wote, nguo za wajukuu nikazifulia nyumbani na maji yake nikamwaga shimoni. Majirani zangu vilevile, hakuna aliyekuibia. Leo ndiyo unakuja kuniambia ulikosea?"

"Nilikosea pa kupimia, mama. Nyinyi hamkukosea kitu."

"Basi mbona sisi ndio tunaolipa?"

Hapo sauti ya kiume ikapasuka kutoka upande wa dirishani. "Anamtetea mdogo wake huyo! Yule dobi si mdogo wake? Si yule pale nyuma?"

Vichwa vyote vikageuka. Mke wangu akanishika goti. Nikatamani dawati linimeze. Mwenyekiti akamuuliza dada kama ni kweli.

"Ni kweli. Ni mdogo wangu, nimemlea mwenyewe."

"Na kama asingekuwa mdogo wako," mwenyekiti akasema, "ungejua hali ya pale?"

Kila mtu mle ndani angeweza kumpa jibu la kumwokoa. Angesema ni kazi yake kujua. Angesema angepita tu siku moja. Mimi nilikuwa namsukumia uongo kwa macho kutoka kule nyuma.

"Nisingejua," akasema dada.

Walipoulizwa nani anataka kipimo kisihamishwe, mikono ya mlimani ilinyanyuka yote, na ya mjini karibu yote, maana maji ya bomba yalikuwa matamu. Upande wetu tulikuwa mimi, mke wangu na wafyatua matofali. Kipimo kikabaki darajani. Siwachukii waliopiga kura ile. Ningekuwa na shamba kule juu ningenyanyua mikono yote miwili. Lakini nilirudi nyumbani nimenyong'onyea, na dada alipita mbele ya mlango wangu na pikipiki yake bila kusimama.

Muuguzi mkuu akanipa furushi moja la mwisho. Aliniambia waziwazi kwamba mashuka yale ni ya wodi ya wazazi, mama na kichanga hawawezi kulala kwenye harufu, na yakirudi yananuka atatafuta dobi mwingine mwenye maji ya bomba. Nikamwahidi, ingawa bomba sina. Nikaliangalia furushi, nikaangalia mto wangu, nikafunga furushi kwenye baiskeli na kupanda nalo mlimani.

Niliingilia shambani kwa Mama Ndama kwa sababu ndipo njia inapofika majini. Majani ya ukingoni yalikuwa yamenipita kichwa. Nikayapenya na furushi begani, nikatokea kwenye maji ambayo sijawahi kuona mfano wake tangu nizaliwe kando ya mto huohuo. Niliingia mpaka magotini nikaziona kucha zangu zote, na samaki wadogo wakaja kuzikagua. Nikacheka peke yangu. Nikatumbukiza shuka la kwanza, likanyooka kwenye mkondo, jeupe, nikatoa sabuni mfukoni.

"Mwanangu," sauti ikasema. Mama Ndama alikuwa amesimama kwenye majani na ndoo tupu mkononi. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Mwanangu, usipake hiyo sabuni. Maji haya yameshauzwa."

Nikamwambia ni mara moja tu. Akatikisa kichwa, akatazama juu ya mteremko, na hapo nikaisikia pikipiki. Ilikuwa zamu ya dada kukagua kingo za upande ule.

Alishuka, akapita kwenye majani, akanikuta nimesimama majini, shuka mkono huu, sabuni mkono huu. Hakuniuliza nafanya nini. Mtoto wa dobi anajua.

"Umeshapaka?"

"Bado."

"Toka majini."

"Dada, ni ya zahanati. Ni ya wazazi. Yakinuka haya nimekwisha."

"Najua."

"Furushi moja haliwezi kuonekana darajani. Wewe mwenyewe unajua haliwezi kuonekana."

"Haliwezi," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Na kesho nikimkuta mwingine hapa nimwambie nini? Kwamba yule alikuwa mdogo wangu? Mama huyu anabeba maji ya ng'ombe kichwani kila siku kwa sababu nilimwambia. Toka majini, mdogo wangu."

Maneno machafu yalinijaa mdomoni, mengine sijawahi kuyatumia. Nilimtazama, nikaona ni mtu yuleyule wa ukumbini, mdomo uleule uliosema nisingejua. Nilikuwa nimempenda kwa ajili ya mdomo huo na sasa ulikuwa unaniua. Nikarudisha sabuni mfukoni. Shuka lilikuwa limeshaloa na kuwa zito, peke yangu lilinishinda kulikamua. Dada akaingia na mabuti yake, akashika upande wake, mimi upande wangu, tukalikamua yeye akizungusha huku na mimi kule, mpaka halikutoa tena tone. Akalikunja, akaniwekea juu ya furushi, akanisindikiza mpaka njiani akisukuma baiskeli yangu.

Zahanati nilifika wakati wanawahudumia wagonjwa wa mwisho. Muuguzi mkuu akafungua furushi mezani, akanusa, akageuza, akaona madoa.

"Fundi, haya hayajafuliwa."

"Hayajafuliwa, Sista."

"Kwa nini?"

Dirisha lake linatazama bondeni. Ukisimama pale mezani unaiona mikono yote miwili ya mto, mpaka inapokutana.

"Nimekosa maji," nikamwambia.